Feza Kidogo Iliyokuja Ghafula: Tufanye Nini Nayo?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Mwezi huu wa kumi na mbili ni mwezi wa kugawana. Katika kartie zetu za Bukavu, toka Kadutu mpaka Panzi, na kule Bagira, vikundi vya AVEC vinafungua sanduku la kufuli tatu na kumhesabia kila mshiriki feza yake ya mwaka. Wengine wanangojea zamu yao ya likelemba. Wengine wamelipwa malimbikizo ya mshahara waliyokuwa wameisha kuyasahau, ao ndugu aliye ngambo amewatumia kitu kidogo juu ya Noeli. Si feza nyingi. Lakini kwa mtu aliyezoea kuhesabu franka za siku kwa siku, dola 100 ao 200 mkononi ni jambo la kutetemesha.

Posho iliyopita mama mmoja anayeuza sambaza alituletea swali lake. Alitupa ruhusa kulijibu mbele ya wote, bila kutaja jina lake. Alisema hivi: “Mchungaji, nimepata dola 200 katika sanduku. Mume wangu anataka tutoe avansi ya pikipiki. Binti yetu amefukuzwa shule mara mbili juu ya minervali. Mama mkwe ni mgonjwa. Nina deni. Na siku ya Yenga ya mavuno nilisimama mbele ya kanisa, nikaahidi dola 40 za ujenzi. Nianze wapi? Ninamwogopa Mungu, na ninamwogopa mwenye deni.”

Neno lile la mwisho lilitushika. Mtu anaweza kumwogopa Mungu kweli, na bado mwenye deni akapiga hodi. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya mjane wa 2 Wafalme 4, na huko tutatafuta jibu.

Andiko linatueleza nini

Mume wa mama yule alikuwa mmoja wa wana wa manabii. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu, naye alikufa na kuacha deni. Mwenye deni alikuja kuwachukua watoto wawili kuwa watumwa wake. Mama akamlilia Elisha. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Elisha akamwagiza kuazima vyombo vitupu kwa majirani, vingi, kisha kuingia nyumbani pamoja na wanawe, kufunga mlango, na kumimina. Mafuta yalijaza vyombo vyote, na chombo cha mwisho kilipojaa, mafuta yalikoma.

Watu wengi wanapohubiri andiko hili wanaishia hapo, kwenye muujiza. Katika chuo cha Biblia walitufundisha kusoma mpaka mwisho wa habari, na kuuliza pia ni kitu gani ambacho andiko halikusema. Mwisho wa habari ni mstari wa saba. Mama alirudi kwa mtu wa Mungu kumpasha habari. Naye akampa mpango wa mambo matatu kwa kufuatana: uza mafuta, lipa deni lako, kisha wewe na wanao mwishi kwa kinachobaki.

Muujiza ulichukua muda kidogo. Kuishi kwa kinachobaki kulichukua miaka. Basi tuangalie hatua moja moja.

Kwanza, funga mlango

Mama yule alimimina mafuta mlango ukiwa umefungwa. Majirani walijua kwamba aliazima vyombo, lakini hawakuona yaliyotendeka ndani. Wapendwa, habari ya feza inakimbia haraka kuliko feza yenyewe. Ukitoka siku ya kugawana ukiimba njia nzima, kabla ya jua kuzama utakuwa na wageni watano, kila mmoja na shida ya kweli. Hutakuwa na nguvu ya kuwakatalia, na kesho utakuwa huna kitu.

Kufunga mlango si ubinafsi. Ni kujipa nafasi ya kufikiri. Tunawashauri hivi: feza ikifika, pitisha posho moja nzima bila kuigusa, ila kama kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali. Mithali 21:5 inatufundisha kwamba mwenye haraka anaelekea uhitaji.

Na mlango uufunge kweli. Unapopokea dola, angalia kila noti mbele ya anayekupa, kwa maana unajua sokoni kwetu noti yenye mpasuko mdogo inakataliwa. Usiweke feza yote chini ya godoro. Tumeona namna moto unavyoruka toka nyumba ya mbao mpaka nyingine kule Kadutu, na feza ya karatasi haiponi. Ukiiweka katika simu, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anapiga simu toka ofisi ya kampuni, hata akikuita mama mtumishi.

Tena, jihadhari na yule anayekuja mlangoni kusema atazidisha feza yako mara tatu kwa mwezi mmoja. Wazee wanakumbuka mchezo wa Bindo kule Kinshasa. Waliotangulia kuingia walilipwa kwa feza ya waliofuata, na ulipoanguka mwaka wa 1991, watu wengi walipoteza akiba yao. Michezo ya namna hiyo inarudi kila mara na jina jipya, na wakati mwingine inakuja na Biblia mkononi.

Pili, omba shauri kabla ya kutumia

Mafuta yalikuwa ya mama, katika nyumba yake, katika vyombo alivyoazima mwenyewe. Hata hivyo hakukimbilia sokoni. Alirudi kuuliza.

Wewe utamwuliza nani? Kwanza mwenzako wa nyumba. Mama anayeficha feza ya AVEC na baba anayeficha mshahara wanafanana: kila mmoja anajenga nyumba yake ndani ya nyumba moja. Kaeni usiku watoto wakiisha kulala, na daftari mezani. Kila mmoja aandike mahitaji yote anayoyaona, bila mwenzake kumkatiza. Kisha ulizeni juu ya kila jambo: tusipolifanya mwezi huu, ni nani ataumia? Jibu la swali hilo litapanga mambo mengi lenyewe.

Mama yetu wa sambaza alifanya hivyo na mume wake. Baba alieleza kwa nini anataka pikipiki: amechoka kukaa bila kazi, na watoto wanamwona. Haya ni maneno ya kusikilizwa, si ya kuchekwa. Lakini walipohesabu, waliona kwamba avansi ingemaliza feza yote, na kila posho wangepaswa kuleta malipo. Posho moja ya ugonjwa ao ya pikipiki kuharibika, mwenye pikipiki angeichukua pamoja na avansi. Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayeanza mnara bila kukaa chini kuhesabu gharama. Anaacha msingi mtupu na watu wanamcheka. Baba mwenyewe ndiye aliyesema: “Tungoje. Tuanze kutoka shimoni kwanza.”

Tatu, lipa deni

Elisha hakusema mama ale kwanza, wala abadilishe nguo za kufiwa. Alisema alipe deni. Kwa nini? Kwa sababu deni lile lilikuwa limekuja kuchukua watoto.

Deni za leo zinachukua watoto vilevile, ila polepole. Mama yetu alikuwa amekopa dola 50 kwa mkopeshaji wa mtaa, na kila mwezi anampelekea dola 10. Hesabuni pamoja nasi. Kwa miezi mitano amelipa dola 50, na deni bado ni dola 50. Kwa mwaka mzima atalipa dola 120, na deni halijapungua hata franka moja. Huo ni mzigo mzito kwa biashara ndogo ya sambaza. Kwa hiyo kulipa deni lile ni faida ya dola 10 kila mwezi, faida ya hakika kuliko pikipiki.

Kama una deni nyingi na feza haitoshi zote, anza na lile linalozaa kila mwezi. Deni la duka ambalo halizai linaweza kungoja kidogo, lakini umwendee mwenye duka na kumwambia siku utakayomlipa. Usijifiche. Mtu anayejificha hupoteza jina, na jina ndilo linalompa mtu maskini chumvi kwa mkopo.

Nne, ishini kwa kinachobaki

Hapa wengi wetu tunaanguka. Tumelipa deni, tunasikia mwili mwepesi, na kinachobaki kinaishia katika kitenge kipya na meza ya Noeli. Mwezi wa kwanza unapofika, shule zinafunguliwa na tunarudi kwa mkopeshaji yuleyule.

Elisha alisema wewe na wanao. Kwa hiyo katika kinachobaki, tazama watoto kwanza. Tangu mwaka wa 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari inalipwa. Mara nyingi msichana ndiye anayekaa nyumbani wa kwanza. Minervali ya binti si feza inayopotea. Ni chombo kimoja katika vile vya kumiminia mafuta.

Kisha tazama kazi inayokulisha. Mama yetu anachukua sambaza alfajiri kwa mkopo na kulipa jioni, na kwa hiyo anauziwa kwa bei ya juu. Akiwa na mtaji wake mwenyewe atanunua kwa feza mkononi, na tofauti ya bei itabaki nyumbani. Mtaji huo usichanganywe na feza ya mboga. Uwe na mfuko wake.

Mwisho, weka akiba. Yeye anajua kwamba siku za mwezi mkubwa, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, na sambaza zinakosekana ziwani. Siku hizo ndizo zilizomwingiza katika deni. Yosefu katika Mwanzo 41 aliweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka mizuri, kwa sababu alijua miaka mibaya inakuja. Mama yetu hahitaji ndoto ya Farao. Kila mwezi anatazama mbinguni na kuona mwezi unakua.

Hata namna hii ya AVEC ni dawa ya jambo hilo. Ilianza huko Niger mwaka wa 1991, wakati shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na ilienea kwa sababu watu wadogo waliona kwamba feza kidogo iliyowekwa pamoja, kwa daftari wazi na funguo katika mikono tofauti, inaweza kuwakopesha wao kwa wao bila kunyongwa. Ukiisha kugawana, rudi katika kikundi mwaka mpya.

Na fungu la kumi? Na ile ahadi?

Tunajua wengi wamengojea tufike hapa. Sisi tunaamini fungu la kumi na tunalitoa. Tunataka tu mlitoe kwa akili na kwa furaha, sawasawa na 2 Wakorinto 9:7, si kwa hofu.

Katika dola 200 za mama yetu, dola 160 ni akiba aliyoweka mwenyewe posho kwa posho, toka mauzo ambayo alikuwa ameisha kuyatolea fungu la kumi. Dola 40 ndizo faida. Basi kilicho kipya ni dola 40, na fungu la kumi lake ni dola 4. Asihukumiwe na mtu kwamba amemwibia Mungu.

Na ahadi ya dola 40? Mhubiri 5:4-5 inatuonya tusichelewe kutimiza ahadi, na heri kutoahidi kuliko kuahidi na kutotimiza. Hatuwezi kufuta andiko hilo. Lakini Mungu yuleyule, katika Mambo ya Walawi 27:8, aliweka mlango kwa maskini: mtu aliyeweka nadhiri na kushindwa kulipa kiasi chake asimame mbele ya kuhani, na kuhani apange upya kulingana na uwezo wa yule mtu. Angalieni, kazi hiyo ni ya kuhani. Kwa hiyo mama, nenda na mume wako kwa mchungaji wako. Sema wazi: niliahidi 40, ninaweza kuleta 5 sasa na nyingine kidogo kidogo. Mchungaji anayelijua Neno hatakasirika.

Kumbukeni pia Marko 7:9-13. Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema feza yao imewekwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie baba na mama zao. Hakusema ni watu wa sadaka sana. Alisema wametangua neno la Mungu. Dawa ya mama mkwe haishindani na madhabahu.

Kosa letu sisi wenyewe

Tungependa kuishia hapo, lakini tungekuwa tunawafundisha ninyi na kujificha.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatafuta mabati ya kanisa letu. Baba mmoja alikuwa amemaliza kazi mahali fulani na kulipwa feza yake ya mwisho. Siku hiyo tulihubiri kwa nguvu juu ya mbegu na mavuno. Tulisema anayepanda vyote atavuna vyote. Baba yule alileta dola 300 mbele. Watu walipiga makofi, sisi tukamshika mkono na kumwombea. Hatukumwuliza hata neno moja juu ya nyumba yake.

Baada ya miezi mitatu tulipita njiani na kukuta vyombo vyao nje. Mwenye nyumba alikuwa amewatoa juu ya kodi. Mke wake alikaa juu ya godoro na mtoto wa kunyonya. Hakututukana. Alitusalimu “Bwana asifiwe, mchungaji,” na sisi tulishindwa kuitikia.

Tulikaa na wazee wa kanisa na mashemasi, tukawarudishia feza ile kidogo kidogo kwa muda wa mwaka, na tukawatafutia chumba. Lakini mtoto wao mkubwa alikuwa ameisha kuacha shule, na hakurudi. Mabati yale yako juu ya vichwa vyetu mpaka leo. Mvua ikiyapiga wakati wa ibada tunamkumbuka kijana yule.

Tangu siku hiyo tulirudi kusoma 2 Wafalme 4 na kuuliza ni nini ambacho andiko halikusema. Andiko halisemi kwamba Elisha aliomba chombo hata kimoja cha mafuta. Alikuwa na haki ya kuheshimiwa, lakini alimwambia mama alipe deni na kulisha wanawe. Katika sura inayofuata alikataa zawadi ya Naamani. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari kutafuta feza na nguo, na tunajua alirudi na nini katika ngozi yake. Ndugu wachungaji wanaosoma karatasi hii, tuchague kuwa Elisha katika nyumba za wajane.

Hesabu ya mama yetu

Mama na mume wake walitupa ruhusa tuandike hesabu yao, ili imsaidie mwingine:

Deni la mkopeshaji: dola 50
Deni la duka: dola 15
Fungu la kumi la faida: dola 4
Minervali ya binti: dola 45
Mtaji wa sambaza: dola 50
Dawa ya mama mkwe: dola 10
Sehemu ya kwanza ya ahadi: dola 5
Akiba ya siku za mwezi mkubwa: dola 11
Noeli, mchele na nyama kidogo: dola 10
Jumla: dola 200

Hesabu yako itakuwa tofauti. Mwingine hana deni lakini nyumba inavuja. Mwingine ana mgonjwa anayemaliza yote, na hakuna mtu wa kumlaumu. Lakini mpango ubaki uleule: funga mlango, omba shauri, lipa deni, ishini kwa kinachobaki. Na msiondoe ile dola 10 ya Noeli. Watoto walioshiriki mwaka mzima katika taabu waonje pia siku moja ya furaha, na Mungu alisheherekee pamoja nanyi.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Ni deni gani kati ya deni zetu linalozaa kila mwezi, na tumeisha kulipa mara ngapi bila lenyewe kupungua?
2. Kuna feza ambayo mmoja wetu anamficha mwenzake? Kwa nini?
3. Tunaingia katika deni siku gani za mwezi ao za mwaka, na tunaweza kuweka nini kabla ya siku hizo?
4. Kuna ahadi tuliyoitoa mbele ya watu kwa sababu ya haya? Tutaenda lini kuisema kwa mchungaji?

Tuombe. Bwana, wewe uliyehesabu vyombo vya mjane, utufundishe kuhesabu vyetu. Utupe hekima mlango ukiwa umefungwa, na ukweli mlango ukifunguliwa. Utusamehe sisi watumishi wako mahali tulipochukua mkate wa watoto. Wakumbuke wale ambao mwaka huu hawakugawana kitu. Kwa jina la Yesu, Amina.

Siku ya Yenga, baada ya ibada ya redio, tutaendelea na somo la pili: namna ya kumsaidia ndugu anayeomba mkopo bila kumpoteza ndugu. Mbarikiwe.